Bruce Lee alivyogoma kupigwa na Robin: Maisha ya dereva aliyekuja kuwa steringi

Sisi tuliokulia Mwanza miaka ya 1990 tulikuwa na sheria moja ya picha ambayo haikuandikwa popote: steringi hafi. Anaweza kupigwa, akafungwa kamba, akatupwa mtoni, lakini mkanda ukifika mwisho lazima awe amesimama. Anayekufa ni rafiki wa steringi. Huyo ukimwona tu anacheka sana na kutoa picha ya mchumba wake mfukoni, unajua leo halali nyumbani.

Mimi sheria hiyo niliisomea kwenye kibanda cha video Kirumba, jirani na Mwaloni, tumebanana kwenye mabenchi na harufu ya dagaa inaingia kupitia matundu ya turubai. Jenereta ikizima, kibanda kizima miluzi. Ikiwaka, kimya. Na mkanda uliojaza watu kuliko yote, hata kama kila mmoja ameshauona mara kumi, ulikuwa wa Bruce Lee.

Sasa fikiria nilivyoshtuka ukubwani nilipokuja kujua kwamba Bruce Lee mwenyewe alianza Marekani kama rafiki wa steringi. Tena dereva wake. Tena jamaa aliwahi kutokea kwenye Batman, ile tamthilia ya zamani ya vichekesho, wanaume wazima wamevaa nguo za kubana na mashuka mgongoni. Na skripti ikasema humo ndani apigwe na Robin.

Akagoma. Kabla ya kufika kwenye ugomvi huo, tuanze mwanzo.

Mtoto wa jukwaani

Alizaliwa San Francisco, Marekani, tarehe 27 Novemba 1940. Kwa hesabu ya Wachina ulikuwa mwaka wa Joka. Baba yake, Lee Hoi-chuen, alikuwa nyota wa opera ya Kikantoni kutoka Hong Kong na alikuwa Marekani kwa ziara ya kazi. Jina la nyumbani lilikuwa Lee Jun-fan. Hilo la Bruce alipewa hospitalini, na nyumbani kwao hawakulitumia sana.

Akiwa bado mchanga, kabla hata ya kukaa, alishaingia kwenye filamu. Alibebwa mbele ya kamera kama mtoto wa kike katika Golden Gate Girl ya 1941. Ndiyo, mara ya kwanza Bruce Lee kuonekana kwenye picha alikuwa binti.

Familia ikarudi Hong Kong mwaka huo huo, na kabla mwaka haujaisha Wajapani wakaivamia na kuikalia mpaka 1945. Vita ilipoisha, mtoto akaanza kuigiza kwelikweli. Mpaka anafikisha miaka 18 alikuwa ameshacheza filamu zipatazo 20 na watu wanamjua kwa jina la Joka Mdogo. Kwa hiyo ile habari kwamba Bruce Lee alikuwa mpiganaji aliyeokotwa akafundishwa kuigiza, isahau. Kuigiza ndiko kulikotangulia. Ngumi zilikuja baadaye.

Na zilikuja kwa sababu ya utukutu. Dogo alikuwa mgomvi wa mitaani. Akiwa na miaka kama 13 akaanza kujifunza Wing Chun kwa Mwalimu Ip Man, yule ambaye siku hizi ana filamu zake mwenyewe. Mwaka 1958 alishinda mashindano ya ndondi ya shule, na mwaka huo huo akawa bingwa wa Hong Kong wa kucheza cha-cha. Ukitazama miguu yake kwenye Way of the Dragon utaona ile cha-cha bado imo.

Ugomvi ukazidi, polisi wakaanza kumfahamu, wazazi wakaona huyu atatuletea maiti. Mwaka 1959 wakampandisha meli kwenda Marekani alikozaliwa, mfukoni ana dola 100.

Mhudumu wa mgahawa Seattle

Huko alifikia San Francisco, kisha Seattle, kwenye mgahawa wa Kichina wa mama mmoja aliyeitwa Ruby Chow, rafiki wa familia. Mtoto wa nyota, aliyezoea kutambulika njiani, sasa anabeba sahani na analala kwenye chumba kidogo juu ya mgahawa. Hakuipenda kazi ile hata kidogo. Akasoma, mwaka 1961 akaingia Chuo Kikuu cha Washington, na pembeni akawa anafundisha kung fu.

Mwanafunzi wake wa kwanza kabisa alikuwa Mmarekani mweusi, Jesse Glover, mcheza judo wa pale Seattle. Darasa lake la mwanzo lilichanganya kila rangi: weusi, Wazungu, Waasia. Kwa wakati ule hilo halikuwa jambo dogo, maana mabwana wengi wa kung fu Marekani hawakupenda siri zao zitoke nje ya Wachina. Baadaye, akiwa Oakland mwaka 1964, alizichapa na mpiganaji aitwaye Wong Jack Man, na kwa maelezo ya mkewe chanzo kilikuwa hicho hicho cha kufundisha wasio Wachina. Wengine wanasimulia chanzo kingine. Hata mshindi bado watu wanabishana, kama Simba na Yanga.

Mke mwenyewe ni Linda Emery, mwanafunzi wake, Mzungu wa Seattle. Walioana Agosti 1964. Mama yake Linda hakufurahi.

Kinyozi ndiye aliyefungua mlango

Mwezi huo huo wa Agosti 1964, Bruce alionyesha ufundi wake kwenye mashindano makubwa ya karate Long Beach, California. Katika watazamaji alikuwepo Jay Sebring, kinyozi wa mastaa wa Hollywood. Na kinyozi, uwe Makoroboi au Hollywood, ndiye mwenye habari zote za mji. Siku moja akawa anamnyoa prodyuza wa televisheni, William Dozier, ambaye alikuwa anatafuta kijana wa Kichina wa kuigiza. Sebring akamwambia habari za yule jamaa wa Long Beach.

Bruce akaitwa kujaribiwa mbele ya kamera Februari 1965. Ile filamu ya majaribio ipo mpaka leo, unaweza kuitafuta kwenye simu yako: kijana amevaa suti nyeusi na tai, nywele zimelazwa, anajibu maswali kwa adabu, halafu anaombwa arushe ngumi kidogo na mzee anayesimama mbele yake anabaki kupepesa macho.

Kisichoonekana pale ni kwamba kijana hajalala. Mtoto wake wa kwanza, Brandon, alikuwa na siku tatu tu tangu azaliwe. Na siku chache baada ya majaribio, baba yake alifariki Hong Kong. Ndani ya wiki moja akapata mtoto, akapata mlango wa Hollywood, akampoteza mzee.

Kazi aliyoitiwa haikutengenezwa. Dozier alikuwa amepata kitu kingine cha kushughulika nacho, nacho ni Batman.

Batman ile ya vituko

Batman ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 12 Januari 1966, na nchi nzima ikapagawa. Ilikuwa inatoka mara 2 kwa wiki: leo wanaachwa wamefungwa juu ya pipa la moto, kesho unaona walivyochomoka. Kila ngumi ilikuja na neno kubwa la rangi kwenye kioo kutangaza mlio wake. Watu wazima walicheka, watoto waliamini, na Dozier akala pande zote mbili.

Vituko vya nyuma ya pazia vilikuwa vingi kuliko vya mbele. Yule msimuliaji mwenye sauti ya kushtua anayeuliza kama mashujaa watapona? Ni Dozier mwenyewe, prodyuza, na jina lake kwa kazi hiyo halikuandikwa. Zile sehemu Batman na Robin wanapanda ukuta wa ghorofa kwa kamba, ukuta ulikuwa umelazwa chini. Wanatembea tu wameinama, kamera imegeuzwa ubavu, mashuka yanavutwa kwa uzi ili yaonekane yananing'inia. Cesar Romero, aliyecheza Joker, alikataa kunyoa sharubu zake, basi wakazipaka rangi nyeupe juu yake. Ukitazama kwa makini kwenye picha safi za siku hizi, sharubu zile pale, zimekaa kama dagaa ndani ya unga. Na lile gari la ajabu lilikuwa gari la maonyesho la Lincoln la mwaka 1955, likageuzwa haraka haraka na fundi George Barris.

Huku kwetu hakuna aliyeona hayo wakati ule. Tanzania Bara haikuwa na televisheni kabisa mpaka 1994. Zanzibar ndiyo iliyotangulia, miaka ya mwanzo ya 1970. Kwa hiyo Bruce Lee wa televisheni alitupita. Tuliyempata sisi ni yule wa sinema.

Kato, kijana wa kazi

Batman ilipofana, Dozier akataka nyingine ya aina hiyo. Akachukua hadithi ya redio iliyoanza mwaka 1936, The Green Hornet, yaani nyigu wa kijani. Tajiri mwenye gazeti, Britt Reid, usiku anavaa barakoa na kujifanya jambazi ili awakamate majambazi. Kijana wake wa kazi anaitwa Kato. Mchana anapokea makoti na kuleta vinywaji, usiku anavaa kofia ya dereva na kuendesha gari jeusi. Kwenye redio Kato alianza kama Mjapani, baadaye akageuzwa Mfilipino. Sasa akachezwa na Mchina. Kwa waandishi wale yote yalikuwa sawa tu.

Bruce alikubali kwa masharti. Hakutaka kusuka nywele mkia mrefu nyuma wala kurukaruka akiinama kama walivyozoea kuwaigiza Wachina. Na alipoona skripti za mwanzo Kato hana cha kusema, alimwandikia Dozier barua. Hoja yake ilikuwa kwamba nyumbani ni sawa Kato ni mtumishi, lakini wakiingia kazini usiku ni mwenza, na mwenza hawezi kukaa kama bubu. Akaongezewa maneno kidogo. Kidogo sana.

Tuzungumze mshahara, maana hapo ndipo utajua kila mtu alikuwa amewekwa wapi. Van Williams aliyecheza bosi alipata dola 2,000 kwa wiki. Bruce dola 400. Kulikuwa na waigizaji wa pembeni waliotokea dakika chache kwenye kila sehemu na bado wakamzidi. Ajabu ni kwamba kwake yeye wakati ule zilikuwa hela nyingi kuliko alizowahi kushika, akafurahi.

Kipindi kikaanza tarehe 9 Septemba 1966. Tatizo la kwanza likajitokeza kwenye upigaji picha: haonekani. Anarusha teke, kamera inakuta adui ameshalala. Mapigano mengi yalikuwa ya usiku na yeye amevaa nguo nyeusi, basi watazamaji wanaona kivuli na watu wanaanguka. Wakamwomba apunguze kasi. Yaani huko televisheni wengine wanaongezewa kasi kwa ujanja wa kamera, huyu anaombwa awe mzito.

Na watoto wakaelewa haraka. Kato alipata barua nyingi, alikuwa anaalikwa kwenye maonyesho na gwaride amevaa yunifomu yake ya udereva, na shule za karate zikamtafuta. Bosi alikuwa na bunduki ya gesi na gari la makombora. Watoto walitaka kumwona dereva.

Lakini kipindi chenyewe kilikuwa kinazama. Dozier alikichezesha kwa uzito, bila vichekesho vya Batman, na watu waliokuja wakitafuta kicheko hawakukipata.

Siku ya mgomo

Ikatafutwa dawa: wageni wahamie kwa jirani. Walishawahi kutokea mara moja, Septemba 1966, pale Batman na Robin wanapopanda ule ukuta wao wa kulala, dirisha likafunguka, Nyigu na Kato wakachungulia, wakasalimiana vizuri tu. Safari hii iwe episodi mbili nzima, tarehe 1 na 2 Machi 1967. Adui ni Kanali Gumm, tapeli wa stempu za posta. Na kwa kuwa Nyigu anajifanya jambazi, Batman na Robin wanamwona ni jambazi kweli, kwa hiyo lazima wazichape.

Skripti ilipokuja, mshindi alikuwa Batman upande wa mabosi, na Robin upande wa wasaidizi. Ni kipindi cha Batman, wenyeji ndio wanaoshinda. Kwa mtu mwingine ni kazi tu, unaanguka, unasimama, unakwenda kuchukua hela.

Robin alichezwa na Burt Ward, kijana wa miaka 21 ambaye naye alikuwa analipwa kidogo, dola 350 kwa wiki. Yeye na Bruce walikuwa wanafahamiana, waliwahi hata kuishi kwenye majengo yale yale ya ghorofa Los Angeles. Hawakuwa na ugomvi wowote. Ila Bruce aliposoma kwamba Kato anapigwa na Robin, alisema hachezi. Hakuna atakayeamini, na yeye ndiye atakayebaki kuchekwa na kila mtu aliyewahi kumfundisha.

Ukiliangalia juu juu utaona ni kiburi cha mtu wa ngumi. Mimi naona zaidi ya hapo. Alikuwa amekubali kuvaa kofia ya dereva. Amekubali 400 wakati mwenzake anakula 2,000. Amekubali kupokea makoti. Kilichobaki chake peke yake kilikuwa ni kwamba Kato hapigwi. Wakimchukulia na hicho, amebaki na nini?

Na hakuwa na nguvu yoyote ya kugomea. Kipindi chake kilikuwa kinakaribia kufutwa, mke na mtoto wako nyumbani, na Hollywood nzima haikuwa na kazi nyingine ya kumpa Mchina. Bado akagoma.

Wakaibadilisha skripti. Ngoma droo. Kato na Robin wakapigana bila mshindi, na ili kusiwe na maneno, mabosi wao nao wakatoka sare.

Siku ya kurekodi, Bruce akafika amenuna. Hasalimii mtu, hacheki, anamkazia macho Burt Ward kutoka mbali. Kamera zikawashwa, akaanza kumsogelea polepole uso umekunjamana. Ward akaanza kurudi nyuma huku anajieleza kwamba hii ni televisheni tu jamani. Van Williams, aliyesimulia kisa hiki baadaye, alisema utani uliendelea mpaka mtu mmoja nyuma ya kamera akashindwa kujizuia, na Bruce mwenyewe akaangua kicheko. Ward alipumua.

Ukiitafuta sehemu ile leo utaona Robin anacheza kwa umbali wa heshima.

Dawa haikufanya kazi. The Green Hornet ilifika episodi ya 26 na ya mwisho wiki mbili tu baadaye. Batman nayo ilifuata tarehe 14 Machi 1968, ikiwa na episodi 120. Kituo kingine cha televisheni kilitaka kuichukua iendelee, wakakuta lile pango la Batman limeshavunjwa na kutupwa. Wakaghairi.

Miaka ya kuuza mwili na jasho

Baada ya Kato, simu ya Bruce ilinyamaza. Akaishi kwa kufundisha mastaa mmoja mmoja: Steve McQueen, James Coburn, mwandishi Stirling Silliphant, na yule mrefu wa kikapu Kareem Abdul-Jabbar. Walilipa vizuri, lakini alikuwa amenunua nyumba Bel Air, mtaa wa matajiri, na nyumba ile ilikuwa inamla.

Mwaka 1970 akainua chuma bila kupasha mwili moto, mgongo ukaumia. Madaktari wakamwambia asahau mateke. Akalala miezi. Linda akatafuta kazi ya jioni ya kupokea simu, jambo ambalo Bruce hakupenda lijulikane, na yeye akabaki nyumbani na watoto wawili, Brandon na Shannon, anajaza madaftari kwa mawazo yake ya mapigano. Madaftari hayo ndiyo yaliyokuja kuwa kitabu baada ya kifo chake.

Mgongo ukapata nafuu, mateke yakarudi. Ila televisheni ilipotaka kutengeneza tamthilia ya mtawa wa Shaolin anayezunguka Marekani, Kung Fu, kazi akapewa David Carradine, Mzungu asiyejua kung fu. Walioamua waliona Wamarekani hawatamkubali Mchina kuwa steringi kila wiki sebuleni kwao.

Kumbe ng'ambo ya bahari mambo yalikuwa tofauti. Alipokwenda Hong Kong kutembea mwaka 1970 alishangaa kila mtu anamjua. The Green Hornet ilikuwa imeonyeshwa huko, na watu walikuwa wanaiita kipindi cha Kato. Huyo bosi hawakuwa na habari naye.

Steringi

Raymond Chow wa kampuni ya Golden Harvest akampa mkataba wa filamu mbili kwa dola 15,000. The Big Boss ikapigwa Thailand mwaka 1971 na kuvunja rekodi ya mapato Hong Kong. Fist of Fury ya 1972 ikavunja rekodi hiyo. Way of the Dragon, aliyoiandika na kuiongoza mwenyewe, yenye lile pambano na Chuck Norris kwenye uwanja wa kale wa Roma, ikavunja tena.

Hizi ndizo zilizotufikia. Miaka ya 1970 picha za kung fu ziliingia kwenye kumbi za sinema za Tanzania na wajomba zetu wakatoka humo wanarusha mateke hadi kituo cha basi. Baadaye zikaja kwenye mikanda ya video, kwenye vibanda vya Mwanza, na hadi visiwani Ukerewe palipokuwa na jenereta. Mtafsiri anakaa pembeni ya televisheni na kutuelezea kwa Kiswahili, utaratibu uliokuwepo pia ng'ambo ya ziwa, Uganda. Mtafsiri mzuri alikuwa anaongeza chumvi mpaka maadui wa Bruce Lee wanaongea kama wapiga debe wa Igoma.

Katika Fist of Fury kuna mahali Bruce anazuiwa kuingia bustanini, bango linasema mbwa na Wachina hawaruhusiwi. Anaruka na kulipasua kwa teke. Vijana walipiga kelele kwa sababu ya teke. Wazee waliokulia chini ya mkoloni nadhani walipiga kelele kwa sababu ya bango. Hapo hata mtafsiri hakuhitajika.

Ila mwisho wa picha hiyo ulituvuruga. Bruce anakimbia kuelekea kwenye bunduki, anaruka juu, milio ya risasi inasikika, na picha inaganda yuko hewani. Ndiyo mwisho. Tulibishana njia nzima mpaka Nyamanoro. Sheria inasema steringi hafi. Wengine wakashikilia kwamba hajafa, mbona hajaanguka? Umemwona ameanguka? Basi.

Julai 1973

Hollywood ikamrudia yenyewe. Enter the Dragon ikawa filamu ya kwanza ya Marekani ambayo yeye ndiye anayeibeba, pamoja na John Saxon na Jim Kelly, yule mweusi wa afro na karate aliyewafanya vijana wengi wa Afrika wafuge nywele. Kazi ilimkausha. Mei 1973, akiwa anarekodi sauti, alianguka na kukimbizwa hospitali, ubongo umevimba. Akapona.

Tarehe 20 Julai 1973, jioni, akiwa Hong Kong nyumbani kwa mwigizaji Betty Ting Pei, kichwa kilimuuma. Akapewa kidonge cha maumivu, akajilaza. Hakuamka. Alikuwa na miaka 32. Uchunguzi ulisema ubongo ulivimba na ukahusisha na kile kidonge ambacho mwili wake haukukipatana nacho. Mitaani hakuna aliyekubali jibu rahisi namna hiyo. Mwanza mimi nilisikia wachawi, nilisikia mafia, nilisikia ngumi ya siri inayoua baada ya siku nyingi.

Enter the Dragon ilifunguliwa Marekani mwezi mmoja baadaye. Hakuiona siku yake.

Hong Kong maelfu ya watu walijazana barabarani kumwaga, kisha mwili ukasafirishwa hadi Seattle na kuzikwa makaburi ya Lake View, kilimani. McQueen na Coburn, wanafunzi wake, walikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Miaka 20 baadaye Brandon akazikwa pembeni yake. Naye alikuwa mwigizaji, akapigwa risasi kwa bahati mbaya wakati wa kurekodi filamu ya The Crow, Machi 1993, akiwa na miaka 28.

Kuna jambo moja nililiacha makusudi. Mwaka 1974, dunia nzima ikimlilia Bruce Lee, waliokuwa na haki za The Green Hornet waliingia stoo, wakatoa zile episodi zilizofutwa, wakazikatakata na kuziunga kuwa filamu ya kuonyeshwa kwenye kumbi. Kwenye mabango, sura kubwa ilikuwa ya Kato. Jina la Bruce Lee likatangulia. Bosi wa dola 2,000 akaja nyuma.

Mkanda wa namna hiyo niliuona mara moja tu, pale pale Kirumba, umechoka, picha inaruka. Katikati dogo mmoja aliyechelewa akaingia, akakaa chini kwenye vumbi na kuuliza steringi ni nani hapo. Mwenye kibanda, bila kugeuka, akamwonyesha yule aliyeshika usukani.